Nina ugonjwa wa Crohn na naogopa chanjo: nichanjwe au nisichanjwe?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Naomba univumilie, maana barua yangu ni ndefu na maswali yangu yamefungamana kiasi kwamba nimeshindwa kuyatenganisha. Mimi ni mwanamke wa miaka 27 na nina ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, uliogunduliwa miaka michache iliyopita baada ya kuhangaika sana na kuharisha, maumivu ya tumbo na kupungua uzito. Natumia azathioprini, na kwa muda mrefu ilinituliza. Miezi ya karibuni ugonjwa umechachamaa tena, nikaongezewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, na daktari wangu bingwa ameniambia kwamba baada ya wiki chache nitaanza infliksimabu kwa njia ya dripu. Alimaliza kwa kusema, "Hakikisha chanjo zako ziko sawa," kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nilikwenda kituo cha afya kuomba hizo chanjo. Muuguzi aliposikia majina ya dawa zangu alikataa katakata, akasema mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa dawa hapewi chanjo yoyote, na kwamba nikichanjwa naweza kupata ugonjwa ule ule ninaoukimbia. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nimwamini nani. Nimewaza kuacha azathioprini kwa wiki mbili au tatu ili mwili upate nguvu, nichanjwe, halafu niirudie. Nimewaza pia kumwomba daktari aisogeze mbele infliksimabu hadi nimalize chanjo zote.

Hofu yangu nyingine inatokana na jambo lililonipata mwenyewe. Mwaka juzi nilichomwa chanjo ya homa ya mafua. Usiku ule nilipata homa na mwili mzima ukauma, nikanunua diklofenaki na kuimeza kwa siku kadhaa. Kabla mwezi haujaisha nilianza kuona damu kwenye choo, na tangu hapo sijakubali tena chanjo hiyo. Kaka yangu, ambaye ananipenda na hataki nidhurike, hunitumia ujumbe kwenye simu unaodai kwamba chanjo ya surua ndiyo inayosababisha magonjwa ya utumbo kama langu.

Naishi na dada yangu, mwenye mtoto mchanga anayeendelea na chanjo zake za kliniki. Mimi ndiye ninayembadilisha nepi mama yake anapokuwa kazini, na sasa naogopa kwamba chanjo anazopewa zinaweza kuniambukiza. Dada ameanza kujiuliza kama azisitishe kwa ajili yangu. Kazini nako huenda nikatumwa safari ya kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano. Zaidi ya yote, mimi na mchumba wangu tunatarajia kuoana na kupata mtoto, na nimesoma kwamba chanjo iliwahi kuua mtoto ambaye mama yake alitumia infliksimabu. Sijalala vizuri tangu niliposoma hayo.

Sijui kama nimewahi kuugua tetekuwanga au kuchanjwa surua. Mama, ambaye angejua, ni marehemu, na kadi yangu ya utotoni ilipotea. Je, nichanjwe au nisichanjwe?

Msomaji wako mwenye hofu

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa maumivu na kwa mahangaiko. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona wazi kwamba kinachokutesa ni watu kukujibu kwa neno moja, ndiyo au hapana, katika jambo ambalo lina aina nyingi za chanjo ndani yake. Zipo chanjo ambazo wewe unazihitaji kuliko hata mtu asiye na ugonjwa, na unaweza kuzianza wiki hii. Zipo nyingine chache ambazo, kwa dawa ulizonazo mwilini, hupaswi kupewa. Muuguzi aliyekurudisha alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu aliyoikosa ndiyo inayokuhusu zaidi.

Alichokuwa akikifikiria ni chanjo hai, yaani zile zinazotengenezwa kwa vimelea vilivyodhoofishwa lakini ambavyo bado vinaweza kuzaliana kidogo mwilini. Mtu mwenye kinga kamili huvidhibiti vimelea hivyo na kubaki na ulinzi. Mtu ambaye kinga yake imebanwa na dawa anaweza kushindwa kuvidhibiti, vikasambaa na kumletea ugonjwa wenyewe. Katika kundi hili imo chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, chanjo ya tetekuwanga, ya homa ya manjano, BCG ya kifua kikuu, matone ya polio, chanjo ya virusi vya rota, chanjo ya homa ya mafua inayopuliziwa puani, na ile ya homa ya matumbo inayomezwa. Kwako hizi zimefungwa kwa sasa.

Chanjo nyingine zote ambazo nitakutajia zimetengenezwa kwa vimelea vilivyouawa, kwa vipande vyao tu, au kwa maelekezo yanayouwezesha mwili kutengeneza kipande kimoja cha kirusi. Hakuna ndani yake kitu kinachoweza kuzaliana, kwa hiyo haziwezi kukupa ugonjwa unaojikinga nao, hata kinga yako ingekuwa imeshuka kiasi gani. Unaweza kuzipata ukiwa kwenye prednisoloni, kwenye azathioprini, baada ya kuanza infliksimabu, na hata tumbo likiwa limechachamaa, almradi siku hiyo huna homa kali. Chama cha madaktari bingwa wa mfumo wa chakula cha Marekani kilitoa mwongozo wa namna hii mwaka 2017, na shirika la Ulaya linaloshughulikia magonjwa ya Crohn na kolaitisi (ndugu yake Crohn, unaoshika utumbo mpana) likatoa wake mwaka 2021. Katika hoja hii miongozo yote miwili inakubaliana. Ukirudi kituoni, omba daktari wako bingwa akuandikie barua fupi inayotaja kila chanjo kwa jina na kusema kwamba si chanjo hai. Muuguzi mwenye barua mkononi ana jambo la kusimamia, na nadhani hata yule wa kwanza alikataa kwa kuogopa kukudhuru.

Nije kwenye mpango wako wa kuacha azathioprini, maana huu ndio ulionitia wasiwasi kuliko mengine yote. Tafadhali usiiache. Kwa chanjo zisizo hai hakuna sababu ya kuiacha, na kwa chanjo hai wiki mbili au tatu hazitoshi hata kidogo, kwa sababu kinga huhitaji kwa kawaida angalau miezi 3 kurejea tangu dawa za namna hii ziachwe, na kwa dawa za kibiolojia, yaani zinazotengenezwa kwa chembe hai, kama infliksimabu baadhi ya miongozo hudai muda mrefu zaidi. Ungejikuta umekosa chanjo na umepoteza dawa, na ugonjwa ambao tayari umeamka ungepata nafasi ya kuharibu sehemu nyingine ya utumbo. Usiombe pia kuisogeza mbele infliksimabu. Utumbo uliowaka, lishe iliyodorora na prednisoloni ya kiwango cha juu inayoendelea mwezi baada ya mwezi ni hatari za maambukizi zenyewe; kati ya dawa zote tunazotumia katika ugonjwa huu, steroidi za muda mrefu, yaani dawa kama hiyo prednisoloni, ndizo ninazoziogopa zaidi. Na ukishaanza infliksimabu usiruke dripu kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa mapengo katika dawa hii huupa mwili nafasi ya kutengeneza kingamwili dhidi yake, na siku utakayoirudia huenda isifanye kazi au ikakuletea mzio. Chanjo isiyo hai inaweza kuchomwa hata siku ile ile ya dripu.

Huenda umesikia kwamba chanjo hai zinaweza kutolewa wiki 4 kabla ya kuanza dawa za kushusha kinga. Ni kweli, lakini kanuni hiyo ni ya mtu ambaye bado hajaanza dawa yoyote ya namna hiyo. Wewe tayari uko kwenye azathioprini, na prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku inayotumika kwa wiki 2 au zaidi huhesabiwa kuwa inashusha kinga kwa kiasi kikubwa. Wewe unameza mara mbili ya kiasi hicho. Nalisema hili pia kwa ajili ya msomaji ambaye amegunduliwa juzi tu kuwa na Crohn au kolaitisi ya vidonda na bado anatumia mesalazini au salfasalazini peke yake. Dawa hizo hazishushi kinga. Mlango wako bado uko wazi, ndugu yangu, nao hufungwa ghafla siku ugonjwa unapochachamaa na steroidi zinapohitajika haraka, kwa hiyo peleka kadi yako ya chanjo kwa daktari ungali mzima. Naumia kila ninapomwona mgonjwa ambaye amehudhuria kliniki miaka mingi na hakuna aliyemuuliza swali hili hadi dripu ya kwanza ilipokaribia.

Sasa, binti yangu, wiki hizi zilizobaki tuzitumie vizuri. Anza na damu. Kabla ya infliksimabu lazima upimwe homa ya ini B kwa vipimo vitatu: kimoja kinachoonyesha kama virusi vipo, kimoja kinachoonyesha kama mwili uliwahi kukutana navyo, na kimoja kinachoonyesha kama una kinga. Virusi hivi vinaweza kulala kwenye ini kwa miaka bila dalili, na infliksimabu ina uwezo wa kuviamsha vikaliharibu ini vibaya. Ukikutwa huna virusi wala kinga, anza chanjo mara moja. Ratiba ya kawaida ni dozi 3, ya pili ikija mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu ikija miezi 6 baada ya ya kwanza; haina haja ya kumalizika kabla ya dripu, ila inafaa ianze. Mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya mwisho rudia kupima, kwa sababu watu wenye magonjwa haya hushika kinga ya homa ya ini B kwa shida kuliko wengine. Kingamwili zikiwa chini ya uniti 10 kwa lita, utapewa mzunguko mwingine au dozi kubwa zaidi. Wakati huo huo upimwe kifua kikuu kilichojificha, ambacho infliksimabu nayo inaweza kukiamsha. Kovu la BCG begani halitoshi kukuhakikishia lolote katika jambo hili.

Katika damu hiyo hiyo omba wapime kingamwili za surua na za tetekuwanga. Umesikitika kwamba mama hayupo na kadi imepotea, na nakuelewa, lakini maabara inaweza kukupa sehemu kubwa ya jibu. Watu wengi wasiokumbuka kuugua tetekuwanga hukutwa na kinga yake. Ukikutwa nayo, ujue pia kwamba virusi vyake vimejificha kwenye neva na vinaweza kurudi kama mkanda wa jeshi, ambao huwapata watumiaji wa dawa hizi mara nyingi kuliko watu wengine, na zaidi wale wa tofasitinibu, dawa nyingine ya kushusha kinga, na jamaa zake. Kwa mkanda wa jeshi ipo chanjo isiyo hai iitwayo Shingrix, ambayo tangu mwaka 2021 imeidhinishwa Marekani kwa watu wa kuanzia miaka 18 ambao kinga yao imeshuka. Ni dozi 2 zinazopishana miezi 2 hadi 6, na kwa mtu wa hali yako dozi ya pili inaweza kuwahishwa. Usiichanganye na chanjo ya zamani ya mkanda wa jeshi iliyokuwa hai, Zostavax.

Homa ya mafua kwa sindano ni ya kila mwaka. Chanjo ya bakteria wa nimonia hutolewa kwa dozi moja au mbili kutegemea aina inayopatikana, na ya UVIKO-19 hufuata mwongozo wa nchi yako kwa watu wenye kinga iliyoshuka. Hakikisha pia pepopunda na dondakoo havijapitwa na wakati. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, usiiache, maana dawa za kushusha kinga huipa saratani hiyo nafasi kubwa zaidi. Mtu wa hali yako hupewa dozi 3, na pamoja nayo ufanyiwe uchunguzi wa mlango wa kizazi mara nyingi zaidi kuliko ratiba ya kawaida. Chanjo kadhaa zisizo hai zinaweza kuchomwa siku moja, sehemu tofauti za mwili, pasipo madhara ya ziada ya maana.

Nirudi kwenye ile sindano ya mwaka juzi. Siwezi kukuambia kwa uhakika nini kiliamsha ugonjwa wako mwezi ule, na mtu akudaie kwamba anajua kwa hakika, mtilie shaka. Ninachokijua ni kwamba watafiti wamewalinganisha wagonjwa wa Crohn na kolaitisi waliochanjwa na wale wasiochanjwa, na hawakuona kwamba waliochanjwa huchachamaa zaidi. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na katika kundi kubwa la watu waliochanjwa lazima wawepo ambao ungewaamka mwezi ule hata bila sindano. Lakini umetaja jambo jingine ambalo hukulitilia maanani, nalo ni diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huumiza utando wa utumbo, na kwa baadhi ya wagonjwa wa Crohn zinaweza kuuamsha ugonjwa. Ningekuwa natafuta mshukiwa, ningeanzia hapo. Homa, uchovu na maumivu ya mkono baada ya chanjo ni kawaida na huisha ndani ya siku 1 hadi 3. Tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi, na maji ya kutosha. Ukiona damu kwenye choo, ukiamshwa usiku kwenda kuharisha, au hali ikiendelea kupita siku hizo, usikae ukilaumu sindano nyumbani: nenda kliniki wapime kalprotektini kwenye choo, kipimo kinachoonyesha kama utumbo umewaka kweli.

Kaka yako usigombane naye, kwa sababu ujumbe anaokutumia una historia yake. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala iliyouliza kama chanjo ya surua inaongeza uwezekano wa kupata Crohn na kolaitisi. Lilikuwa swali halali, na wanasayansi wengine walilichunguza kwa makundi makubwa ya watu. Hawakuuona uhusiano huo. Mmoja wa waandishi wa makala ile, Andrew Wakefield wa Uingereza, alirudi mwaka 1998 na makala nyingine katika jarida hilo hilo, iliyohusu watoto 12 tu, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na matatizo ya utumbo pamoja na usonji. Mwaka 2010 Lancet iliifuta makala hiyo, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza kwa utovu wa maadili katika utafiti ule. Makala ikafutwa, lakini hofu ikabaki inatembea, na watoto wanaendelea kufa kwa surua. Mweleze kaka yako hivyo, kwa upole, na umwombe jambo moja litakalokusaidia kweli: yeye mwenyewe achanjwe, kwani surua haitakufikia kirahisi ikiwa wote wanaokuzunguka wana kinga.

Hilo linanileta kwa dada yako. Asisitishe hata chanjo moja ya mtoto. Mtoto aliyechanjwa surua hawezi kukuambukiza surua kutokana na chanjo. Mambo mawili tu yanahitaji uangalifu, choo cha mtoto na upele. Virusi vya matone ya polio hutoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dada aulize kliniki kama mtoto anaweza kupewa polio ya sindano badala ya matone. Kama matone tayari amepewa, au hakuna njia nyingine, mtu mwingine ambadilishe nepi kwa kipindi hicho, na ikibidi iwe wewe, nawa mikono kwa sabuni kila mara. Vivyo hivyo baada ya chanjo ya rota. Mtoto akipata upele baada ya chanjo ya tetekuwanga, usiuguse hadi ukauke. Zaidi ya hapo mbebe na umpakate kama ulivyozoea.

Kuhusu safari, chanjo ya homa ya manjano ni hai na kwako haifai. Lakini tafuta kwanza kama uliwahi kuchanjwa kabla ya kuanza dawa, kwa sababu tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha dozi moja hutambuliwa kimataifa kwa maisha yote, hata kama kiliandikwa zamani kuwa ni cha miaka 10. Kama hukuwahi, daktari anaweza kukuandikia barua ya msamaha wa kitabibu. Barua hiyo itakuvusha mpakani pale itakapokubaliwa, lakini haimzuii mbu. Ikiwa ugonjwa wenyewe upo huko uendako, mwombe mwajiri amtume mtu mwingine. Sioni aibu kukushauri hivyo.

Sasa mtoto unayemtarajia. Habari uliyoisoma ni ya kweli, na nataka uijue kamili ili isikutishe kuliko inavyostahili. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya mtoto mmoja ambaye mama yake, mgonjwa wa Crohn, alitumia infliksimabu katika ujauzito. Mtoto alipewa BCG akiwa na umri wa miezi 3, na akafariki akiwa na miezi 4 na nusu kwa maambukizi ya kimelea cha chanjo hiyo. Infliksimabu hupita kwenye kondo la nyuma, hasa miezi ya mwisho, na inaweza kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi mingi baada ya kuzaliwa, ikimshushia kinga. Wakati ule madaktari hawakuwa wamelitambua hilo vya kutosha. Leo linajulikana, na kinga yake ni rahisi: mtoto wa namna hiyo hapewi BCG mapema, bali husubirishwa kwa miezi 6 hadi 12 kutegemea dawa na mwongozo unaofuatwa, au hadi damu yake ionyeshe kwamba dawa imeisha. Kuhusu chanjo ya rota muulize daktari wa watoto, kwa kuwa ushauri umekuwa ukilegezwa kadiri ushahidi unavyoongezeka. Chanjo zote zisizo hai mtoto huzipata kwa tarehe zake za kawaida, na unaweza kumnyonyesha. Linalohitajika ni taarifa kufika kwa wakati, kwa sababu mahali ambapo BCG hutolewa siku za kwanza kabisa za maisha, mkunga anaweza kumchoma mtoto kabla wewe hujatulia kitandani. Iandike infliksimabu kwenye kadi ya ujauzito kwa herufi kubwa, na umwambie mchumba wako na dada yako waikumbushe siku ya kujifungua. Usiache infliksimabu kwa hofu ya hayo bila kushauriana. Crohn iliyochachamaa wakati wa ujauzito huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo.

Utasikia pia kwamba kwa watu wa infliksimabu chanjo hazifanyi kazi. Utafiti wa Uingereza uitwao CLARITY IBD, uliofanyika wakati wa UVIKO-19, ulionyesha kwamba waliotumia infliksimabu walitengeneza kingamwili chache baada ya chanjo kuliko waliotumia vedolizumabu, dawa inayofanya kazi zaidi ndani ya utumbo kuliko mwili mzima. Waliochanganya infliksimabu na dawa kama azathioprini walipungukiwa zaidi. Baada ya dozi ya pili kingamwili za wengi wao zilipanda. Mimi nasoma hapo sababu ya kuanza mapema kabla ya dripu, na ya kutoruka dozi za nyongeza.

Mwisho, damu ikionyesha huna kinga ya surua au tetekuwanga, tutakuwa hatuwezi kukuchanja sasa, kwa hiyo ni lazima ujue la kufanya ukikaa karibu na mgonjwa. Usisubiri upele. Piga simu kliniki siku ile ile, kwa sababu kwa surua unaweza kupewa sindano ya kingamwili zilizotayarishwa, inayofaa ikitolewa ndani ya siku 6 tangu ulipokutana na mgonjwa, na kwa tetekuwanga ipo sindano yake inayotolewa ndani ya siku 10, au dawa ya kupambana na virusi isipopatikana. Taja kwanza majina ya dawa zako, kisha siku na mahali ulipokutana na mgonjwa, na uulize uingilie mlango gani utakapofika, ili usikalishwe chumba kimoja na wagonjwa wengine ambao nao hawana kinga.